Dole Gumba Chini ya Kioo

Kwenye dirisha la mama mdogo wangu kuna glasi za maji ambazo hakuna mtu anayezinywea. Zimepinduliwa midomo chini, zimejipanga kama wazee waliosinzia kwenye benchi. Chini ya kila glasi kuna kipande cha kioo cha kujitazamia na tone moja la gundi. Mgeni akiingia hudhani amekosea mlango, amejikuta kwa mganga. Ukweli ni kwamba gundi zinafanya usaili.

Mama mdogo ni fundi saa. Chumba chake cha kazi kiko chini ya ngazi za jengo la maduka, na tunakigawana. Upande wa dirisha ni wake: meza ndefu kwenda juu inayomfika kifuani, taa ya shingo ndefu, na saa za ukutani ambazo hakuna hata mbili zinazokubaliana. Upande wa mlango ni wangu, na mashine yangu ya fotokopi inayokohoa kuliko wateja. Mtaa mzima unamwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la kila kitu. Mteja akiuliza saa yake itapona lini, taratibu. Ukimwambia jengo linaungua, nina hakika atavua kwanza lenzi ya jichoni, aifute, airudishe kwenye kiboksi chake, ndipo aulize moto umeanzia ghorofa gani.

Gundi mpya ikiletwa haijali imeandikwa nini kwenye pakiti. Anadondosha tone, anaweka kipande cha kioo pembeni yake, anafunika na glasi na kuziacha hapo mpaka kesho yake. Asubuhi anafunua, anakiinamisha kile kioo kwenye mwanga kama mtu anayetazama mboni ya mgonjwa. Kikiwa safi, gundi imepata kazi. Kikiwa kimeingia weupe, kama dirisha lililopumuliwa siku ya baridi, gundi inapelekwa kwa fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye hana ubaguzi.

"Saa haina dirisha," husema. "Mvuke ukiingia, utatokea wapi?"

Mchana, jua likiinama, mwanga hupita kwenye zile glasi na kuchora duara juu ya dari. Duara zinatikisika kidogo kila lori likipita barabarani. Saa zote zinagonga kwa pamoja na kila moja peke yake, kama mvua nyepesi juu ya bati la jirani. Nimewahi kusinzia nikiwa nimesimama, mkono juu ya mashine, nikatoa nakala safi kabisa za kiganja changu.

Wateja ndio wanaotuamsha. Siku moja kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliingia amebeba saa yake kama amebeba ndege aliyevunjika bawa.

"Mama, saa yangu imeota ukungu."

"Uliigusa na nini?"

"Sijaigusa na chochote."

Mama mdogo akainusa. "Supaglu."

"Kidogo tu! Tone!"

"Kioo chake kilikuwa cha plastiki au kioo chenyewe?"

"Kilikuwa cha saa."

Mama mdogo akafumba macho, akamwomba Mungu subira, akafumbua. "Kinyozi. Nikijinyoa nusu kichwa kwa wembe wangu, nikakuletea nusu iliyobaki, utasemaje?"

"Nitasema karibu, mama, kaa hapa."

Ikabidi acheke. Akang'oa kioo, akakishika kwa kingo na kukigonga taratibu kwenye jino la mbele. Hiyo ndiyo mashine yake ya kupimia. Kioo halisi kinalia na ni baridi, plastiki inanyamaza na ina uvuguvugu. Ni lazima ajue, maana dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile asitoni, inasafisha ukungu juu ya kioo halisi, lakini juu ya plastiki inakula na kuacha makovu meupe. Kuna gundi pia zinazoipasua plastiki nyufa ndogondogo, kama tope lililokauka. Cha kinyozi kikanyamaza. Ikabidi anunue kingine, na akaapa mbele yetu sote kwamba supaglu ataiachia ndoo na viatu. Wiki iliyofuata nilimwona ameitumia kwenye miwani.

Ufundi huu mama mdogo alifundishwa na mumewe, baba mdogo wangu. Alikwenda kwake kwanza kama mteja, na saa isiyokuwa na ubaya wowote. Baba mdogo akaifungua, akaitazama, akaifunga, akasema ina tatizo kubwa na itabidi airudishe kesho. Kesho yake akasema hivyo tena. Walioana saa ile ikiwa bado mezani, inatembea vizuri kabisa, imekuwa shahidi. Baadaye waliketi bega kwa bega kwenye meza hiyo hiyo, kila mmoja na lenzi yake, wanasemezana bila kutazamana. Baba mdogo ndiye aliyeanzisha mambo ya glasi. Ndiye aliyemfundisha kuvaa vifuko vya mpira kwenye vidole, vile vidogo kama kofia za watoto wachanga, kwa kuwa kidole kitupu kina jasho, na jasho halionekani leo, linaonekana keshokutwa.

Ila saa yake mwenyewe aliifanyia mambo ambayo angemfukuzia mtu kazi.

Kioo chake kilichomoka asubuhi ile aliyokuwa anampeleka binti yake chuo cha uuguzi kwa mara ya kwanza. Masanduku yako mlangoni, gari linapiga honi, binti analia kwamba atachelewa. Baba mdogo akachukua supaglu ya fundi viatu, akazungusha, akashika kioo kwa mkono mtupu, akakikandamiza, akavaa, akaondoka. Jioni alirudi na wingu mkononi. Ukungu mweupe ulikuwa umekaa ndani ya kioo chote, mishale inaonekana kwa mbali, kama watu wanaotembea alfajiri.

"Wewe!" mama mdogo alifoka. "Wewe uliyenifundisha!"

"Nilikuwa na haraka."

"Lete niifungue."

"Iache. Imekuwa nzuri."

"Utasomaje saa?"

"Nitakisia. Kwani mimi naenda wapi?"

Akaivaa hivyo hivyo. Mtu akimuuliza saa ngapi, aliinua mkono mpaka kwenye pua, akakunja uso, akajibu, "Mawingu yametanda, lakini naona ni mchana." Fundi saa wa mtaa mzima! Mama mdogo aliona aibu mpaka akawa anatembea nyuma yake kidogo.

Moyo wa baba mdogo ulisimama kabla binti hajamaliza masomo. Bila kelele, kwenye kiti, saa zote zikiendelea. Waombolezaji walipoondoka nilimkuta mama mdogo mezani na ile saa. Hakuifuta wala kuitazama sana. Alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri ili isije ikavuja, akaiweka saa kwenye kopo la vipuri. Fundi hata akilia haachi betri ndani ya saa.

Sasa yule binti, ambaye kwa hesabu za ukoo ni mdogo wangu, alihitimu na kupata kazi kwenye hospitali ya mbali, safari ya kupanda basi, kushuka, na kupanda jingine. Muuguzi anahitaji saa yenye mshale wa sekunde ili ahesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa. Alikuja pale chumbani, akaketi juu ya rundo la karatasi zangu bila kuomba ruhusa, akasema:

"Mama, nataka saa ya baba."

"Ile haisomeki."

"Si wewe ni fundi? Isafishe. Ukungu tu."

"Nitakununulia mpya."

"Mpya nitanunua mwenyewe siku nikiwa mzee. Hiyo ndiyo ninayoitaka, na naondoka Jumatatu."

"Taratibu," alisema mama mdogo. Lakini alivyogeuka kulitafuta kopo, niliona amekubali.

Alianza kesho yake baada ya chai. Supaglu ikizeeka inakauka kama biskuti, kwa hiyo alipopitisha wembe mwembamba pembeni, kioo kilijiachia chenyewe. Akavaa vifuko vyake. Akakishika kwa kingo, akakigonga kwenye jino, kikalia. Kioo halisi. Akachovya kijiti cha pamba kwenye asitoni. Akakiinamisha kioo kuelekea dirishani aone aanzie wapi.

Akabaki hivyo hivyo. Asitoni ikakauka kwenye pamba.

"Kuna nini?" nikauliza.

Nikasogea. Kwa mbali ulikuwa ukungu uleule. Lakini kioo kikiinama kidogo, mwanga ukikipita ubavuni, ukungu ule ulikuwa na mistari. Mistari myembamba, myeupe, imejizungusha kwenye kitovu kimoja, kama maji yanapodondokewa na kitu. Lilikuwa dole gumba. Jasho la baba mdogo lilibaki upande wa ndani wa kioo alipokishika kwa mkono mtupu kabla ya kukikandamiza, na mvuke wa supaglu, ule mvuke wenye laana, ulikuja ukaling'ang'ania jasho lile mstari kwa mstari, ukaliandika. Hata kovu alilolipata kwa bisibisi siku za ujana lilikuwepo, limekata mistari katikati kama njia ya mkato shambani.

Mama mdogo aliweka kidole gumba chake hewani, karibu na kioo, bila kugusa. Akakipima. Halafu akachukua glasi tupu kwenye dirisha, akakifunika kile kioo, akasogeza kiti chake nyuma kidogo, na mchana mzima hakufanya kazi nyingine. Wateja waliambiwa taratibu. Duara za mwanga zilitembea juu ya dari mpaka zikafika ukutani, zikazimika. Mimi nilizima mashine. Sikujua kwa nini, niliona tu inakohoa vibaya.

Asubuhi iliyofuata nilikuta amepima kioo kipya, kisafi, tayari kuwekwa. Mdogo wangu alipoingia, mama yake alikuwa anakifuta.

"Hicho si cha baba."

"Cha baba yako kilishakufa. Hiki kinafanana nacho."

"Kilichokufa kiko wapi?"

"Kimetupwa."

Mama mdogo ana sifa nyingi, ila uongo haukumpitia hata kwa bahati mbaya. Alisema "kimetupwa" huku anaitazama glasi ya mwisho dirishani. Binti akayafuata macho yake, akafunua glasi, akakiinua kioo kwa kingo kama alivyofundishwa tangu utoto, akakiinamisha.

Macho yake yakatua kwenye lile kovu la bisibisi.

"Hili ni dole lake," alisema. Halafu sauti ikapanda. "Ulitaka kuninyima?"

"Nilitaka kukupa saa inayosomeka! Utahesabu vipi mapigo ya watu na wingu mkononi? Uue mgonjwa useme ni urithi?"

"Mama, usigeuze maneno."

"Wewe una pua yake. Una cheko lake. Ukikasirika unatikisa mguu kama yeye, tazama, unautikisa sasa hivi. Mimi nina nini? Kiti!"

Mdogo wangu akaacha kutikisa mguu. Niliona ni wakati wa kwenda kumsalimia fundi viatu, lakini njia ya kutokea ilipita katikati yao, na mimi si shujaa.

"Basi baki nacho," alisema binti, taratibu sasa. "Kweli, mama. Kiweke. Nipe hicho kipya."

Ungedhani mama mdogo angeshukuru. Badala yake alikichukua kile kioo, akakigeuza upande wa juu, upande wa chini, akaanza kufikiri kama fundi. Nilimwona akifikiri, midomo inatembea.

"Kukiweka wapi?" alisema mwishowe. "Kwenye kabati kitaingia vumbi, na vumbi nitalifuta. Siku moja nitasahau, nitalifuta. Nikikibandika ukutani, jua. Nikikishika kila siku, jasho langu litapanda juu ya lake. Alama iko upande wa ndani." Akaitazama saa isiyo na kioo. "Mahali pekee ambapo hakuna kidole kitakachofika ni pale pale ilipokuwa."

"Ndani ya saa," alisema binti.

"Ndani ya saa. Lakini si kwa gundi ya baba yako."

Basi jioni ile nikashuhudia usaili wa mwisho na mkali kuliko yote. Supaglu haikuitwa hata jina: mvuke wake ungeongeza weupe juu ya weupe, mistari ingezama kama shamba kwenye mafuriko. Ile gundi ya mirija miwili, unayochanganya ikawa ngumu kama jiwe, alisema inashika vizuri lakini ikikaa sana inageuka njano, na hataki mumewe awe na manjano. Zikabaki mbili, zote zimefaulu chini ya glasi bila kuacha hata kivuli kwenye kioo. Moja ni gundi ya jua, ambayo inabaki maji mpaka ipigwe na mwanga mkali, ndipo inaganda mara moja. Inakaa milele, hata maji hayapiti, na kuifungua ni mpaka uvunje. Ya pili ni gundi ya sindano, inatoka kwenye mdomo mwembamba kama uzi wa buibui, inakauka usiku kucha, na baada ya miaka inaanza kulegea.

"Ya jua," nikasema mimi, kwa kuwa nilikuwa sijaulizwa.

"Ya jua," akasema mdogo wangu. "Mimi nanawa mikono siku nzima, mama. Hospitali ni maji tu."

Mama mdogo akachukua ile ya sindano.

"Lakini hiyo inalegea!"

"Inalegea. Utaivua ukinawa, uiweke mfukoni."

"Na vyombo? Nisioshe vyombo?"

"Vyombo utaosha. Usitafute njia."

Akasafisha kwanza. Sijawahi kuona kazi ya namna ile. Kijiti cha pamba alikinyofoa mpaka kikabaki nyuzi chache, akakichovya kwenye asitoni, akakikausha kwenye karatasi mpaka kikawa na unyevu tu wa kusikia harufu. Akaanza kwenye ukingo, anazunguka, anaufukuza ukungu kidogo kidogo, anakaribia dole na kurudi, anakaribia na kurudi, kama mtu anayefagia kumzunguka mtoto aliyelala sakafuni. Tone moja likidondoka, baba mdogo anakufa tena. Mdogo wangu alishika taa. Mimi nilishika pumzi, na sikujua kama inasaidia. Barabarani likapita lori, meza ikatikisika, mama mdogo akainua mkono juu, akasubiri litoweke, akaushusha.

Alipomaliza, kioo kilikuwa kisafi kama hakipo, isipokuwa upande mmoja, ambapo dole gumba lilielea peke yake hewani.

Akazungusha gundi kwenye ukingo wa saa, uzi mwembamba usiotoka nje wala ndani. Akakishusha kioo. Akakiwekea kizibo cha mpira juu kikikandamize, akafunika vyote kwa glasi. "Twendeni nyumbani," alisema. "Kukitazama hakutakikausha."

Asubuhi ya safari aliweka betri. Mshale wa sekunde ulishtuka, ukaanza kutembea. Tuliinama wote watatu, vichwa vinagongana. Ulipita juu, ukateremka mahali pasafi, ukaingia chini ya dole. Ukapotea. Nadhani hakuna aliyepumua. Halafu ukatokea upande wa pili, mtulivu, kama mtu aliyepita kumsalimia jirani.

"Nusu ya uso iko wazi," alisema mdogo wangu. "Naanza kuhesabu bwana mshale akitokea, namaliza kabla hajaingia, nazidisha mara mbili. Inatosha."

"Na akiwa ndani?"

"Akiwa ndani nitamshika mgonjwa mkono tu."

Mama mdogo akamfunga saa mkononi, akavuta mkanda tundu moja zaidi ya lazima. "Kioo kikilegea usimpe fundi yeyote wa huko. Watakupaka supaglu. Ulete hapa."

"Na kitalegea lini?"

"Taratibu," alisema mama yake.

Akaenda. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na mama mdogo, akishamaliza kuuliza chakula na usingizi, aliuliza sauti ikiwa nyepesi kupita kiasi, "Kioo je?" Jibu lilikuwa lilelile: kimekaza, mama, umefanya kazi nzuri. Ni mteja gani mwingine duniani humsifia fundi, fundi akasononeka? Alikata simu akalaumu kiwanda cha gundi. Siku hizi wanatengeneza vitu imara mno, alisema.

Gundi ile inatakiwa kuvumilia miaka. Mvua hazikuwa zimemaliza hata kupita msimu wao, simu ikalia nikiwa nayo mimi.

"Kaka, mwambie mama kioo kimelegea. Kidogo, kwenye kona. Nimeomba likizo nikilete."

"Saa ni ya duara. Kona iko wapi?"

Akajikohoza.

"Umekichokonoa na kucha, siyo?"

"Mpe mama simu."

Nikampa. Alisikiliza akiwa amesimama, lenzi bado jichoni. Akasema, "Ah. Pole. Gundi hizi hazitabiriki." Akakata. Akavua lenzi, akaifuta, akairudisha kwenye kiboksi chake. Kisha, kwa haraka ambayo mtaa huu haujawahi kuiona, akaanza kuziosha glasi za dirishani, moja moja, na kuzipanga upya juani, midomo chini.